Kabla ya Sindano, Jina

Malolo,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Getrude,

Mwangaluka dada, na shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa nje kwenye kile kiti chako cha kamba, mguu umeunyoosha, na ule uvimbe umepungua. Unaendeleaje na mguu? Shemeji naye anaendeleaje na kifua chake? Na Happiness, na wadogo zake, na mifugo? Hapa nyumbani kwenye sala ya jioni hatujawahi kuwaruka. Winnie ndiye anayewataja, na mguu wako anautaja peke yake, mwishoni, baada ya watu wote.

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Baba Jenipher ni mzima ila jino la nyuma linamsumbua, na kung'olewa hataki, anasema litaacha lenyewe. Winnie yuko kidato cha pili na amenipita urefu. Jenipher ni mzima kabisa, yuko kazini kwake Mikumi. Vitunguu mwaka huu vimekubali. Tumeanza kung'oa juzi, mikono yangu yote inanuka, na hata karatasi hii ukiinusa utajua imetoka kwa nani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, Jumapili ile uliponipigia umesimama juu ya kichuguu ili upate mtandao, uliniuliza swali moja. Ulisema, "Agnesi, wewe wako umeshampeleka. Nimruhusu Happiness akasomee unesi, au bado ni mdogo mno?" Nikasema, "Dada," na mtandao ukaondoka. Ulipiga tena jioni, tukaongea habari za mguu, lile swali tukaliacha. Mimi nilishukuru, maana pale asubuhi ningekujibu harakaharaka tu kwamba mruhusu, na lingekuwa jibu la mtu anayeficha kitu. Katekista Kornelio anakwenda Shinyanga Jumatano kwenye harusi ya mdogo wake, na ameahidi atakufikishia bahasha hii mpaka mkononi. Kwa hiyo nimekaa baada ya Misa, nimefunga mlango, nakuandikia yote.

Kuna jambo nilikuficha tangu mwezi wa nne.

Nilikuficha kwa sababu nakumbuka maneno yako siku Jenipher alipopata nafasi ya chuo akiwa na miaka kumi na saba. Ulisema, "Mtoto hajui hata kusugua sufuria likatakata, nyie mnampa roho za watu." Nilikasirika siku ile, sitakudanganya. Lakini maneno yalibaki. Sasa lilipotokea la kutokea niliogopa utasema, si niliwaambia.

Nianze na mwanzo, maana mwanzo ulikuwa mzuri. Ile miaka miwili ya chuo Kilosa mjini alipanga chumba Magomeni ya huko huko, kwa mama mmoja muuza maandazi aliyemtunza kama wa kwake. Akamaliza, akafanya mtihani wa leseni, akafaulu. Januari hii akapata kazi Mikumi, kwenye kituo cha afya kisicho kikubwa, kipo ndani kidogo ukitoka barabara kuu. Umri wake miaka ishirini. Na wewe unajua mwili wetu sisi wa kwa Maduhu, tunachelewa kukomaa. Ukimwona kwenye lile gauni jeupe utadhani mtoto wa Komunyo ya Kwanza.

Nilimpeleka mwenyewe. Nilimbebea ndoo, godoro na jiko la mkaa, nikampa na rozari yangu ya mbao, ile uliyonipa wewe. Nilipoagana naye hakulia. Niliyelia ni mimi, ndani ya basi wakati wa kurudi, mpaka kondakta akaniuliza kama nimeibiwa.

Siku za kwanza wagonjwa walikuwa wanamtazama, halafu wanatazama nyuma yake, wanamtafuta nesi. Mama mmoja aliyekuja kujifungua mtoto wa sita alimwambia, "Mtoto mzuri, hebu kamwite mama yako." Jenipher akamjibu kwamba mama yake yuko Malolo anapalilia mahindi, kwa leo itabidi wavumiliane wao wawili. Yule mama akacheka mpaka uchungu ukamkatiza. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mambo kama hayo alikuwa ananisimulia kwenye simu, na mimi nilikuwa nayapeleka jumuiya siku inayofuata. Nadhani nilijivuna kidogo. Nimeshaliungama hilo.

Mkubwa wa wauguzi pale anaitwa Sista Ziada. Si mtawa, ni nesi tu, Mwislamu, mama wa makamo kama mimi. Haongei sana, na akiongea unatamani angenyamaza. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anawakumbusha vijana wake jambo moja. Muulize mgonjwa jina lake kamili, alitaje kwa mdomo wake mwenyewe, ulinganishe na faili, ndipo ushike sindano. Hata chuoni walifundishwa hivyo hivyo.

Kwa vijana na kwa wasichana wenzake Jenipher alifanya bila shida. Kwa wazee ulimi ulikataa. Dada, wewe ni mtu mzima, fikiria. Atamwambiaje mzee wa umri wa babu yake, unaitwa nani? Atatoaje kichwa mlangoni aite "Lazaro" mbele za watu, kama anamwita mwenzake wakacheze rede? Basi akawa anawaita babu na bibi, anatazama kadi yeye mwenyewe, anakisia. Miezi mitatu alikisia vizuri.

Ikafika Alhamisi moja, zimepita siku chache tangu Idd. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha sindano. Nje kwenye benchi walikaa wazee wawili wanazungumza. Mmoja ni Mzee Lazaro, fundi baiskeli, ana kidonda mguuni, ndiye aliyeandikiwa sindano. Mwingine ni Mzee Abubakari, mkulima wa pale pale Mikumi, mwenyeji wa siku nyingi, na yeye alikuja kupimwa presha tu. Jenipher akatoa kichwa, akasema, "Shikamoo babu, karibu ndani." Wote wawili wakaitika marahaba. Aliyenyanyuka ni Mzee Abubakari, kwa sababu alikuwa karibu na mlango.

Jenipher akamuuliza, "Babu, ni wewe wa sindano?"

Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, nyie ndio mnaojua."

Akamchoma.

Mzee akashukuru, akatoka, akarudi kukaa kwenye benchi. Jenipher akaita tena, akaingia Mzee Lazaro, akapandisha suruali, na kidonda ndicho hicho kimefungwa kitambaa. Jenipher anasema alipokiona ndipo alipojua amekosea mtu.

Hakuna aliyejua, dada. Hapa naomba usome polepole. Mzee mmoja yuko nje anamwambia mwenzake sindano haikuuma. Mwingine yuko ndani hajui kitu. Chupa nyingine za dawa zilikuwepo kabatini. Angechukua moja, akamchoma Mzee Lazaro, akaandika kwenye daftari, siku ikaisha. Badala yake alimwomba Mzee Lazaro asubiri, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Sista Ziada, akasimama mbele yake akasema, "Sista, nimemchoma babu asiyehusika."

Wakamrudisha Mzee Abubakari ndani, wakamlaza, daktari akaitwa. Baada ya nusu saa mikono ikaanza kumwasha, vipele vikamtoka shingoni. Wakampa dawa ya kutuliza. Jenipher alikaa pembeni ya kitanda, anapima mapigo ya moyo, anaandika, anapima tena, na katikati anasali rozari kwa vidole kwa sababu ile yenyewe aliiacha chumbani. Alasiri vipele vikaanza kulala. Jioni wanawe wakaja kumchukua, akatoka kwa miguu yake. Mungu alikuwa mwema kwetu siku ile, kwa mzee na kwa mwanangu pia.

Sista Ziada alimwambia aandike maelezo yote, halafu aende nyumbani mpaka kamati ikae baada ya Pasaka. Kamati ndiyo itakayosema kama anabaki au anaondoka, maana bado alikuwa kwenye miezi ya kuangaliwa.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Ijumaa yake, ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, nimetoka kwenye Njia ya Msalaba, nafika nyumbani namkuta amekaa juu ya godoro mlangoni. Amerudi na kila kitu, ndoo, jiko, hata ufagio. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuwasaidia vitunguu."

Vitunguu vilikuwa bado kitaluni, dada, urefu wa kidole.

Nikamwandalia ugali akala. Alipomaliza kula ndipo akaeleza yote, kama nilivyokuandikia hapa, hakujipunguzia hata kidogo. Mwishoni akasema harudi tena Mikumi. Alisema wewe mama mkubwa uliona mbali, yeye bado ni mtoto, akaze kwanza. Ndiyo, alikutaja.

Nikwambie la moyoni, maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Moyo wangu ulifurahi kidogo. Nilifikiri sasa atakaa nyumbani, nitamwona kila asubuhi, hakuna mtu atakayekufa mikononi mwake. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya naokota kuni, nikamwomba Mungu anisamehe ile furaha.

Kesho yake asubuhi Baba Jenipher alikuwa zizini anachoma ng'ombe sindano. Jenipher akamshikia chupa ya dawa, kama alivyozoea kumshikia tangu yuko darasa la tatu. Pale ndipo alipojifunza kutoogopa sindano, si chuoni. Baba yake akataka kumchangamsha, akasema, "Mimi mwaka wa ishirini nachoma hawa, na sijawahi kumuuliza hata mmoja jina lake." Winnie akacheka, na mimi nikacheka.

Jenipher hakucheka. Akasema, "Baba, hujawahi kumchoma ng'ombe kabla hujamwita. Sasa hivi umesema Madoa tulia, ndipo ukamchoma. Umesema Mapembe sogea. Unawajua wote thelathini kwa majina. Mimi ndiye nimechoma bila kuita."

Baba yake akashusha sindano. Akasema tu, "Nipe chupa."

Mimi nikakumbuka kitu, nikakaa chini pale pale kwenye gogo la zizi.

Mwaka ule tumefika hapa na ng'ombe, Jenipher bado namfunga mgongoni, hakuna aliyekuwa anatupenda, na siwalaumu. Jirani yetu wa kwanza alikuwa Bibi Sikuzani, mwenyeji kabisa, na yeye ndiye aliyetuonyesha maji. Siku moja Jenipher ana miaka sita, nikamtuma kwake chumvi, akasimama uani akapaza sauti, "Sikuzani! Mama anaomba chumvi!" Alisikia watu wazima wakimwita hivyo. Nilitoka mbio, nikampiga kofi mbele ya watu, nikamburuta mpaka kwa bibi, nikampigisha magoti. Nilimwambia akitaja tena jina la mtu mzima nitamkata ulimi. Niliogopa watasema watoto wa Wasukuma hawana adabu. Sisi wageni tungeishi vipi hapa bila adabu? Basi hakurudia tena, hata ile Alhamisi, na huko ndiko kulikomponza.

Nikamwambia pale pale zizini kwamba hili kosa tumelifanya wawili, na mimi nilianza. Jumatatu tutakwenda Mikumi, si kwa kamati, tutakwenda kwa yule mzee.

Tulikwenda na kuku jogoo na mchele kidogo. Mzee Abubakari tulimkuta barazani kwake anachambua maharage na mkewe. Macho yake hayaoni vizuri kwa mbali. Jenipher akapiga magoti, akaamkia.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi babu, nesi."

"Nesi yupi?"

"Niliyekuchoma."

Mzee akaacha maharage. "Aha. Na leo umekuja na sindano au umekuja na kuku? Nasikia kuku." Mkewe akajiziba mdomo kwa kanga. Mzee akaendelea, "Nyie Wasukuma hamtuachi. Kwanza mlituletea ng'ombe kwenye mahindi, tukavumilia. Sasa mmetufuata mpaka hospitali."

Nikamwambia, "Baba, ng'ombe wetu wako Malolo, huku hawajafika."

"Watafika. Si wana miguu?" Halafu akasema, "Mwenzangu Lazaro namdai shukrani. Anasema kidonda chake kinapona kwa sindano yangu."

Tukacheka, hata Jenipher, na ndipo nikaeleza lililotuleta. Nikaomba msamaha kwa mdomo wangu, nikasimulia na lile kofi, maana niliona nisipolisema hataelewa mtoto alikosea wapi. Mzee akasikiliza yote. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya utani.

"Kwa nini hukuniuliza jina?"

"Niliona haya, babu."

"Unalijua sasa?"

"Nalijua."

"Litaje."

Jenipher akanitazama. Dada, alinitazama vile alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo kabla hajagusa sukari. Nikamwambia, "Litaje."

Akasema, "Abubakari Saidi Chanzi."

"Naam," mzee akaitika, kwa nguvu kabisa, kama mtoto darasani. Akasema kwamba tangu kaka yake azikwe hakuna tena anayemwita hivyo. Mkewe anamwita Baba Ziwa, mtaa mzima unamwita babu au mzee. "Wazee tuko wengi," akasema. "Hata kwa Mwenyezi Mungu sitakwenda kuitwa babu. Heshima yako nimeiona, mjukuu wangu, na mama yako kakulea. Ila heshima inayonipa dawa ya Lazaro siitaki. Ukiniona tena, niamkie, halafu niite."

Tukala wali wao mchana, wakakataa tuondoke na tumbo tupu. Jogoo walimpokea.

Kamati ilikaa Jumatano baada ya Pasaka. Alikwenda peke yake, mimi nilibaki Malolo nasali novena. Walimpa barua ya onyo, ipo kwenye faili lake, wakamwongezea miezi miwili ya kuangaliwa, na wiki mbili za kwanza asishike sindano mpaka Sista Ziada awe amesimama pale. Lakini hawakumfukuza. Alipotoka nje Sista Ziada alimfuata mpaka kwenye ngazi, akamwambia, "Wanaokosea nimewaona wengi. Wanaokuja kuniambia kabla sijauliza, wewe ni wa tatu." Ndiyo maneno yote aliyomwambia, akarudi ndani.

Sasa ana namna yake. Mzee akifika anamwamkia kwanza, anapokea marahaba, halafu anasema, "Kwa ruhusa yako, naomba unitajie jina lako kamili." Mwanzoni wengine walinuna. Mzee mmoja alimjibu kwamba jina liko kwenye kadi, asome kama shule ilimsaidia. Jenipher akasema, "Nimelisoma babu. Nataka nilisikie kwako." Akalitaja. Anasema siku hizi hata wenzake wameanza kusema hivyo hivyo, kwa ruhusa yako, na Mzee Abubakari kila akija presha anakataa kuingia mpaka aitwe yeye kwa majina yote matatu, benchi zima lisikie. Mwezi wa sita mwishoni akathibitishwa kazini. Kitenge ulichopokea mwezi wa saba kilikuwa cha furaha hiyo, ila sikukueleza.

Bibi Sikuzani nilimsimulia habari hizi zote nikiwa namchambulia mboga. Amezeeka, hatoki tena. Alicheka sana kuhusu kofi, akasema yeye siku ile hakukasirika hata kidogo, alipenda kuitwa. Miaka yote hiyo, dada, na hakuniambia.

Sasa lile la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi uliopita kichwa kilinisumbua wiki nzima, kikawa kinagonga nyuma. Baba Jenipher akasema nenda kwa mwanao akuangalie. Nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu, nikapata basi, saa nne nilikuwa Mikumi. Sikumpigia simu. Nikajiandikisha dirishani kama watu wengine, nikakaa kwenye benchi, lile lile benchi. Watu walikuwa kama kumi. Nikawa namwona anapita, amebana saa yake kifuani, anaita watu, anainama kwa bibi mmoja asiyesikia, anarudia. Hatembei tena kama mtoto wa Komunyo. Nikasema moyoni, Mama Maria, huyu nilimzaa mimi.

Ikafika zamu yangu. Akatoka na faili mkononi, akaniona. Nikawa nimeshaanza kunyanyuka, najua ataniambia mama njoo.

Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti pale pale na gauni jeupe. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akasimama, akafungua faili. "Kwa ruhusa yako, naomba unitajie jina lako kamili."

Benchi likaangua kicheko. Baba mmoja akasema, "Nesi, si umesema mama? Humjui mama yako?" Mwingine akasema labda wamegombana. Jenipher hakutikisika. Alisimama na faili lake, anasubiri.

Dada, nilitaka kucheka na mimi, nikashindwa. Hapa Malolo mimi ni Mama Jenipher. Padre ananiita Mama Jenipher, jumuiya Mama Jenipher, shemeji yako naye hivyo hivyo tangu mtoto azaliwe. Baba yetu amelala, mama amelala. Umebaki wewe peke yako unayeniita kwa jina langu, na mtandao wako unakatika.

Nikasema, "Agnesi Maduhu."

Akatazama faili, akanitazama mimi. "Agnesi Maduhu," akasema, polepole, kwa sauti ya kusikika, kama kitu anachokipokea kwa mikono miwili.

"Naam," nikaitika. Nikainuka nikamfuata.

Ilikuwa presha, imepanda kidogo, nimepewa vidonge na nimeambiwa nipunguze chumvi. Aliyeniambia alinikazia macho kweli kweli, nikasema ndiyo nesi.

Kwa hiyo dada, jibu langu la swali lako ni hili. Happiness ni mdogo, ndiyo. Atakosea, sitakuficha, na siku hiyo utaomba arudi nyumbani, na atarudi na ufagio wake. Usimzuie. Mruhusu aende. Umri utamjia akiwa kazini, kama ulivyomjia huyu. Lakini kabla hajaondoka, mketishe hapo nje karibu na kiti chako, mfundishe kumwita mtu mzima kwa jina lake bila kumvunjia heshima. Aanze na lako.

Msalimie sana shemeji, mwambie kifua asikipuuze, aende akapimwe. Msalimie jirani yenu Mashauri na familia yake kule ng'ambo ya mto, mwambie mbegu ya vitunguu nitamtumia kwa Katekista safari nyingine. Wasalimie watoto wote. Winnie anakusalimu wewe na mguu wako. Jenipher anasema shikamoo mama mkubwa, na kwamba sufuria sasa anasugua likatakata. Baba Jenipher anawasalimu wote kwa upande wake, kwa mdomo uliovimba.

Mungu akulinde, akuponye, akukalie karibu siku ambazo hakuna mtu karibu. Nakuombea kila jioni, na wewe niombee. Wabeja sana kwa kunivumilia karatasi zote hizi.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,

Agnesi Maduhu